Amplifaya Mbili Nyuma ya Leso

Mwanangu Mwanasha,

Siku ile ya leso nilichungulia. Sijamwambia mtu yeyote mpaka leo. Wewe ndiwe wa kwanza kujua, na ulistahili kujua siku ile ile.

Najua umeshacheka hapo kwenye "mwanangu". Tumelifanya neno hilo mchezo wetu. Wewe una miaka kumi na mitano, mimi kumi na saba, na kila asubuhi ukinikuta bombani unajikunja mgongo na kusema kwa sauti ya kizee, "Shikamoo shangazi." Nami nakujibu, "Marahaba mwanangu, umeshapiga mswaki?" Lakini mama yangu, yaani bibi yako, hafanyi mzaha anaponiambia kwamba dada wa baba ni baba wa pili, hata kama bado anavaa sare ya shule. Leo nimeamua kumsikiliza. Nakuandikia kama mzazi, kwa sababu nimekukosea kama mzazi.

Kesho unakwenda bweni, lakini mambo ya ndoo, kufuli, sabuni na kutomwazima mtu kandambili sitayagusa. Mama yako ameyasema, bibi ameyarudia, na sasa hivi mmekwenda Timbwani kumuaga bibi yako wa huko, ambaye bila shaka anayasema kwa mara ya tatu. Nyumba imenyamaza. Ni saa nane mchana, kinu cha kusagia unga cha jirani kimezimwa, na ni saa kama hii tulipofanya lile jambo, kwa sababu ni saa hii tu ndipo Mtongwe yetu inapotulia kiasi cha mtu kuweza kusikiliza kitu kidogo.

Hebu nianze na masikio yako, maana nadhani umeyasahau.

Ulipokuwa na miaka sita uliingia chumba cha mbele, karakana ya baba yako, ukamwambia kwamba spika ya kulia "inasema na mate". Kaka Suleimani akacheka, akaifungua ili akuonyeshe kwamba haina kitu. Akakuta karatasi yake imepasuka ufa mwembamba kama unywele. Tangu siku hiyo alikuwa akikuita kutoka uani, "Mwanasha, njoo unisikilizie," nawe unaitika "Abee" na kuja mbio na mikono yenye unga. Mimi nilikuwa nakaa pembeni na kitabu. Nilipenda kutazama unavyofumba jicho moja tu, la kushoto, unaposikiliza. Nikajaribu na mimi kufumba jicho la kushoto. Halikunisaidia.

Mimi nilikuwa msomaji. Kila alichotengeneza kaka nilikitafuta kwenye vitabu vya fizikia vya maktaba ya shule na kwenye simu ya mama, nikaja kumweleza kwa nini kinafanya kazi. Yeye alikuwa akijua kwa vidole, mimi kwa maneno. Basi nyumba nzima ikaamini kwamba Mishi ndiye anayejua sauti. Ukweli ni kwamba nilijua kusoma habari za sauti tu, na hayo ni mambo mawili.

Sasa njoo kwenye likizo ile ya Agosti.

Kaka alikuwa ametumia miezi mitano kutengeneza amplifaya ndogo ya hedifoni, kazi ya mikono yake tangu mwanzo. Transfoma aliitoa kwenye redio ya zamani, sanduku alilichonga kwa mbao, na kitufe cha kuongezea sauti akakitengeneza kwa kifuniko cha chupa ya manukato ya mama yako, kile cha rangi ya dhahabu. Mama yako alimtafuta mwizi wa kifuniko kwa wiki mbili. Na Bwana Mwero wa Mkomani, yule mzee aliyefanya kazi ya redio melini miaka yote na sasa kazi yake ni kusikiliza muziki tu, akasema atakuja na amplifaya yake ya kutoka ng'ambo, ndogo, nyeusi, na hedifoni yake, tuzilinganishe. Kama ya kaka ingemridhisha, angeinunua, na angewaambia wenzake. Kaka hakusema mengi, lakini siku hiyo alinyoa.

Leso ilikuwa wazo langu. Nilikuwa nimesoma kwamba macho hudanganya masikio, kwamba mtu akikiona kitu kizuri hukisikia kizuri, na kwa hiyo asikilizaye asijue anasikiliza nini. Nikasema tutundike leso pana ya kujitanda mbele ya meza, kaka akae nyuma yake, abadilishe waya, aseme "moja" na "mbili" tu, na kila msikilizaji aandike iliyo bora. Nikadai pia sauti zilinganishwe kwa mita, maana iliyo kubwa kidogo tu humdanganya mtu akadhani ni bora. Bwana Mwero akafurahi sana. "Huyu binti ni hatari," akasema. "Huyu angekuwa nahodha wangu, tusingepotea." Wewe ukaninong'oneza, "Nahodha, funga kamba ya leso, inalegea."

Nilianza mimi. Niliivaa ile hedifoni ya Bwana Mwero, iliyofungwa nyuma, nzito, yenye ngozi laini. Kaka akatia ile rekodi yake ya harusi ya jirani, ya udi na ngoma na mwanamke anayeimba karibu na maikrofoni. "Moja," akasema. Kisha "mbili". Kisha tena moja, tena mbili.

Sikusikia tofauti yoyote, Mwanasha. Wallahi hata chembe. Nilisikia harusi, mara nne.

Nilikaa pale na watu wawili wananitazama. Nikainama kana kwamba nafunga kiatu. Feni ilikuwa imeshainua pembe ya leso. Nikaona waya umechomekwa kwenye sanduku lenye kifuniko cha dhahabu, wakati huo huo kaka akisema "mbili".

Nikaandika kwenye karatasi yangu: mbili. Na kwa kuwa karatasi ilibaki na nafasi, nikaongeza maneno niliyoyasoma. Nikaandika kwamba sauti yake ina joto na upana, na kwamba sauti ya mwanamke imekaa mbele. Sikujua maneno hayo yana maana gani. Nilijua tu kwamba watu wanaojua huyaandika.

Kisha ukakaa wewe. Ukafumba jicho la kushoto. Hukuchukua muda. Uliandika mstari mmoja, na Bwana Mwero akausoma kwa sauti: "Moja. Mbili besi inachelewa, kama mpigaji ngoma yuko chumba cha pili."

Mzee alinigeukia mimi. "Wewe umeandika nini, nahodha?" Nikamsomea. Naye alipovaa hedifoni, ndiye wa mwisho, alikuwa tayari ameshapewa la kutafuta. Alitafuta joto, akalipata. "Kweli," akasema, akitikisa kichwa polepole. "Joto hilo. Mbili."

Kaka akatoka nyuma ya leso akitabasamu mpaka ufizi. Alikuwa na haki ya kufurahi, alikuwa amengojea miezi mitano. Akakushika sikio akalivuta kidogo. "Na huyu binti yangu ameniangusha mbele ya mgeni. Masikio haya kumbe ni ya kutundikia herini."

Tulicheka. Wewe ndiwe uliyecheka zaidi. Ukasema, "Basi ninunulie herini, baba." Nilikutazama ukicheka, na nilikuwa na ukweli mfukoni, na sikuutoa.

Bwana Mwero aliichukua amplifaya. Ilikaa kwake wiki tatu. Akairudisha ikiwa imefungwa vizuri kwenye gazeti, akamwambia kaka kwa upole, "Mwanangu, ni kazi nzuri, lakini baada ya nusu saa nachoka, na sijui kwa nini." Kaka akasema hakuna neno. Akaiweka rafu ya juu kabisa na kuifunika kwa leso ile ile. Hajatengeneza nyingine tena. Umewahi kumsikia akisema chochote kuihusu? Mimi sijamsikia.

Nawe uliacha kuja karakana. Hukutangaza. Akikuita, ulikuwa unafua, au unasoma, au kichwa kinakuuma. Siku moja spika ya madrasa ililetwa, na mimi nikiwa uani nikakuona umesimama mlangoni, umefumba jicho lako. Ulikuwa umesikia kitu. Kaka akauliza, "Vipi?" Ukasema, "Sijui, muulize shangazi." Ukaenda zako.

Halafu ikaja fomu ya masomo ya shule mpya, ile mtakayoikabidhi kesho mkifika Voi. Kwa miaka miwili ulikuwa ukisema utasoma muziki. Mstari wa nne ukaandika "Biashara". Bibi alipokuuliza umebadilika lini, ukamjibu huku unamenya vitunguu, "Bibi, masikio ya herini hayapelekwi kusomea muziki." Ulisema kwa mzaha, na kila mtu akalichukua kama mzaha. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria. Ningeweza kusema hapo pia.

Lakini nataka nikueleze nilivyogundua, maana hapo ndipo jambo lenyewe linapopendeza, na sitaki ulipokee kama habari ya aibu peke yake.

Mwezi uliopita Bwana Mwero alileta hedifoni zake mbili, ile iliyofungwa na nyingine ya wazi, ile yenye wavu nyuma kama chekecheke, kaka abadilishe waya zake. Zimo humu bado, atazifuata Jumamosi. Mchana mmoja nikiwa peke yangu nikaishusha amplifaya ya kaka. Sikujua nataka nini. Nilitaka tu kukaa nayo bila kutazamwa na mtu.

Siku ya kwanza sikusikia kitu, na ya pili hivyo hivyo. Nilikaribia kuacha. Siku ya tatu niliacha kutafuta yale maneno ya kwenye simu, nikaanza kutafuta maneno yako: mpigaji ngoma yuko chumba cha pili. Nikafuata mkono wa mpiga ngoma peke yake, nikawaacha mwimbaji na udi. Na hapo, Mwanasha, nikasikia. Mkono unapiga na kuondoka, na ngoma bado inasema. Kidogo mno. Inabaki ikining'inia, halafu pigo la pili linaikuta haijamaliza. Nikabadilisha, nikatia hedifoni hiyo hiyo kwenye amplifaya ndogo ya kawaida tunayojaribia redio. Mkono unapiga, ngoma inanyamaza. Nikarudia mpaka kinu cha jirani kikaanza.

Siku ya nne nikajaribu kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekijaribu: amplifaya ya kaka kwa ile hedifoni ya wazi. Nilidhani nitasikia kosa lile lile. Halikuwepo. Ngoma ilikuwa safi, na mwanamke yule aliimba mpaka nikasikia anavuta pumzi kabla ya kila mstari. Nilikaa sakafuni. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile.

Basi nikaenda kwenye vitabu, lakini safari hii nikiwa na swali. Ndani ya hedifoni iliyofungwa pameandikwa ohm 32, yaani kiasi inavyouzuia umeme. Ya wazi, ohm 300. Nikafungua sanduku la kaka, nikakuta kabla ya tundu la hedifoni amelehemu rizista, kile kijipande chenye mistari ya rangi kinachozuia umeme, ya ohm mia moja na ishirini. Kwa hedifoni ya ohm 300, kizuizi hicho ni kidogo, haikijali. Kwa ya ohm 32, ni kikubwa kuliko yenyewe karibu mara nne, na hapo amplifaya haiwezi tena kuishika besi na kuisimamisha inapotaka. Besi inavimba, inachelewa. Ndiyo maana mzee alichoka baada ya nusu saa. Na ndicho ulichokisikia wewe kwa dakika mbili, bila kitabu, ukakiandika kwa mstari mmoja.

Ona sasa. Amplifaya haikuwa mbaya. Hedifoni haikuwa mbaya. Zilikuwa hazifai kukaa pamoja, basi, na ungezitenganisha kila moja ingepata sifa. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko linavyohitaji. Huko uendako labda kutakuwa na darasa au bweni au mtu ambaye ukikaa naye utajisikia umevimba na kuchelewa, na utadhani ni wewe. Sijui. Sijawahi kuishi mbali na nyumbani, wewe unanitangulia. Nakuambia tu nilichokiona mezani.

Kingine ninachokijua kwa hakika ni kimoja. Utakutana na watu wenye maneno mengi kuliko masikio. Mimi nilikuwa mmoja wao. Hatukuwa na nia mbaya. Tunaogopa kusema "sisikii", kwa sababu tumeshaitwa wajuzi, na neno hilo likishakukaa ni tamu. Na tukishasema letu kwa sauti, wengine hulisikia neno letu badala ya kuisikia ngoma. Bwana Mwero ana masikio mazuri, lakini siku ile alikuwa anasikiliza karatasi yangu.

Nimekaa na haya wiki tatu bila kusema. Nilijiambia nikisema, kaka atajua kwamba ushindi wake ulikuwa wa uongo. Nilijiambia namhurumia. Nadhani nilikuwa najihurumia mimi.

Nimeiacha barua hapo, nikaenda chumba cha mbele.

Kaka alikuwa amefungua redio ya mtu. Nikasema, "Kaka, nina neno."

"Sema. Mikono ndiyo ina kazi, masikio hayana."

Nikamwambia yote, tangu kiatu mpaka ohm. Sikumtazama, nilitazama chuma cha kulehemu kinavyofuka. Nilipomaliza alikuwa amekiweka chini.

"Ulichungulia."

"Nilichungulia."

"Na leso uliileta wewe."

"Mimi."

"Astaghfirullah, Mishi." Jirani alikuwa anamwita mbuzi wake, nasi tukamngoja amalize, kana kwamba anatuhusu. Kisha akauliza, "Mtoto alisema besi inachelewa?"

"Kama mpigaji yuko chumba cha pili."

Akasimama juu ya kigoda, akaishusha amplifaya, akaifungua, akatazama. "Hii rizista niliitoa kwenye mashine ya kupigia muziki harusini," akasema. "Kule huwekwa ili hedifoni isiungue. Nikaitia huku kwa mazoea tu." Akaitoa, akalehemu nyingine ndogo. Akavaa ile hedifoni iliyofungwa, akasikiliza rekodi yote, mwanzo mpaka mwisho, amefumba macho yote mawili. Alipoivua aliishika mapajani.

"Nilimwambia masikio yake ni ya herini," akasema. Hakuwa ananiambia mimi.

Nilimwonyesha fomu. Jana nilikwenda saiba, lile duka la kompyuta, nikachapa nakala nyingine, nikanakili kila kitu ulichoandika, jina, namba, masomo, ila mstari wa nne nimeuacha mtupu. Sikuandika "Muziki". Nimeshakuandikia majibu vya kutosha. Kaka ameisoma, akauliza ile ya kwanza iko wapi, nikamwambia sijaigusa. Akatia saini kwenye hii mpya. Zote mbili ziko ndani ya bahasha ya kaki, juu ya blanketi katika sanduku lako, pamoja na kalamu.

Sasa alasiri imeadhiniwa na mtarudi muda si mrefu. Kaka ameitundika leso ile ile kwenye kamba ile ile. Nyuma yake ameweka amplifaya mbili, ile aliyoirekebisha na ile ya kujaribia redio, na hedifoni iliyofungwa mbele. Amesema utasikiliza wewe kwanza, hutaambiwa kitu, na barua hii nisikupe mpaka uwe umeshaandika jibu lako kwenye karatasi. Nilitaka kumsaidia kulinganisha sauti kwa mita. Akaniambia atalinganisha mwenyewe, nami nitoke nje.

Nimetoka. Nimekaa kwenye ngazi, mgongo kwenye mlango, na hapo ndipo nimemalizia kuandika.

Shangazi yako,
Mishi